Lori Juu ya Mawe: Kadi Iandikwe Jina la Nani?

Wenye magari wana usemi wao. Gari likifa kabisa, matairi yakauzwa, betri ikaazimwa na isirudi, huinuliwa likawekwa juu ya mawe manne, jiwe moja kila pembe. Kuanzia siku hiyo likitajwa kijiweni watu husema, "Aa, lile liko juu ya mawe." Mwenyewe atakwambia spea ziko njiani. Mwaka unapita, spea haziji. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, majani yanatambaa kwenye chesisi, watoto wanazungusha usukani usio na pa kwenda. Halafu siku moja anafika mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake na mtungi wa gesi wa kukatia. Ikifika alasiri, lori lililolisha wilaya nzima limeshageuka kilo.

Makala haya yanahusu malori hayo, hasa ya Kusini: Kilwa, Lindi, na bara yake mpaka Nachingwea. Nauliza maswali mawili. Je, lori kuukuu linastahili kuhifadhiwa kama tunavyohifadhi magofu? Na likihifadhiwa, liwe mali ya nani? Najua wapo watakaocheka. Eti mkweche nao uitwe mambo ya kale? Wenzangu, cheko tuliweke pembeni kidogo, tuanze na historia, maana Kusini swali la nani mwenye chombo cha kubebea mzigo ni la zamani kuliko injini.

KABLA YA INJINI, MABEGA

Kilwa tunaijua kwa Msikiti Mkuu, kwa jumba la Husuni Kubwa na kwa sarafu zake za shaba. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima kubwa. Lakini magofu yanatuonyesha mahali utajiri ulikofikia; hayatuambii ulifikaje. Pembe zilizotoka bara hazikuota mbuyuni. Kuna mtu alizibeba.

Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa. Wengi waliobeba pembe katika njia ile walikuwa wenyewe ni bidhaa. Mzigo ulifika pwani ukauzwa, na aliyeubeba akauzwa pia. Basi chombo cha kwanza cha usafirishaji katika njia za Kilwa kilikuwa na pumzi, na kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye aliyebeba.

Tusogee mbele. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale katika kilima cha Tendaguru, yapata kilomita 60 kutoka mji wa Lindi. Viongozi wa msafara, Werner Janensch na Edwin Hennig, majina yao yameandikwa kila mahali. Aliyesimamia wachimbaji ni Boheti bin Amrani, na jina hilo ni juzi tu limeanza kutajwa kwa sauti. Kuna misimu ambayo watu walifika 500. Mifupa ilifungwa kwa udongo, plasta na mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka Lindi, ikapanda meli. Ilikuwa zaidi ya tani 200, na hakuna lori hata moja lililohusika. Mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin tangu 1937, mrefu zaidi ya mita 13, na watoto wa Ulaya wanapanga foleni kumtazama. Huku kwetu wapo wanaosema arudishwe, na wapo wanaosema abaki ila tupate faida. Mjadala huo tutaurudia.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, lakini mizinga yake kumi ilitolewa, ikawekwa magurudumu, ikaburutwa na mamia ya watu huku na huko nchini. Mmoja wa mizinga hiyo leo uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Waingereza nao walipoingia kupitia Kilwa na Lindi mwaka 1917 walikuwa na malori, lakini mchanga na tope viliyashinda mara nyingi, mzigo ukarudi kwenye vichwa vya watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vile, makadirio ya wanahistoria yanafika 95,000 na zaidi. Kumbukumbu yao kubwa kwa watu wa mjini ni jina la soko: Kariakoo, yaani "Carrier Corps" lililopita kwenye midomo yetu likatoka Kiswahili. Tunapanda daladala za Kariakoo kila siku bila kukumbuka kwamba tunataja kikosi cha wabeba mizigo.

Kwa hiyo lori lilipofika Kusini kwa wingi, lilikuja kuchukua nafasi ya shingo za watu, na thamani yake ianzie kuhesabiwa hapo.

CHUMA CHA KARANGA

Malori na matrekta yalifika Kusini kwa kishindo baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 likatoka wazo la kulima karanga katika Afrika Mashariki na Kati kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana: zaidi ya ekari milioni tatu, mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Kati ya hayo, 55 yalipangwa kuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Yaani nusu na zaidi ya ndoto nzima ilikuwa kwetu. Kongwa ndiyo iliyopata sifa na kashfa, lakini moyo wa mpango kwenye karatasi ulikuwa Nachingwea.

Mashine zilitafutwa popote. Yalinunuliwa matrekta yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yameshachoka kwa vita na kutu. Kiwanda cha Vickers huko Uingereza kikachukua vifaru vya Sherman, kikavivua mizinga, kikavigeuza matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Fikiria, msomaji: chuma kilichoundwa kupigana na Hitler kinaletwa kupigana na miyombo na ardhi ya Afrika. Ardhi ilishinda. Karanga hazikuota kama karatasi ilivyoahidi, mvua haikusoma ripoti, na Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza mwisho wa mpango, ikifuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36.

Kusini kilibaki nini? Bandari ya kina kirefu Mtwara. Na reli, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, na tawi la Masasi. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuwapo, ikahangaika kutafuta mzigo, na mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, ikafungwa. Kisha reli zikang'olewa. Leo mtoto wa Nachingwea akiambiwa treni lilikuwa likipiga honi hapa kwao, anadhani ni hadithi ya sungura na fisi.

Hapa ndipo naomba tusimame. Mkoa ulikuwa na reli, na reli ikaondoka nzima. Wakati ule haikuulizwa kama kichwa kimoja cha treni, behewa moja au hata mita kumi za reli zibaki mahali kama ushahidi. Kilichoangaliwa ni thamani ya chuma. Na malori tunayaangalia leo kwa jicho lile lile.

KADI ILIYOBADILISHA MAJINA

Reli ilipoondoka, barabara ikabaki peke yake, na barabara yenyewe mnaijua sifa yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni yapata kilomita 450, si mwisho wa dunia. Lakini Mto Rufiji ulikuwa katikati, na watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu. Masika ikianza, safari ya siku moja ilikuwa siku tatu, wiki, au haipo kabisa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kilikuja kukamilika lami katikati ya miaka ya 2010. Na hata baada ya lami, Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara maeneo ya Somanga, na Kusini ikajikuta tena kisiwa.

Katika miaka yote ile ya tope, lori lilikuwa basi, lilikuwa gari la wagonjwa, lilikuwa posta, lilikuwa gari la harusi na la msiba. Abiria walikaa juu ya magunia ya korosho, mama na mtoto mgongoni, mzee ameshika turubai, utingo ananing'inia nyuma na gogo la kuzuia tairi mkononi. Likikwama wote walishuka, wakachimba, wakakata matawi wakatandika chini ya tairi. Nauli umelipa na kusukuma unasukuma. Kwa hiyo nikiulizwa lori la Barabara ya Kilwa ni la nani, swali haliishi kwenye kadi ya gari.

Kadi nayo ina historia yake, na historia hiyo ni ya nchi nzima kwa ufupi. Wakati wa ukoloni malori mengi yalikuwa ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, ya mashamba ya mkonge, na ya serikali. Baada ya Uhuru vyama vya ushirika vya wakulima vikawa navyo na malori ya kubebea mazao. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, njia kuu za uchumi zikawa mali ya umma, na miaka ya 1970 yakaundwa makampuni ya uchukuzi ya mikoa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Mwaka 1992 ikaundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na mali za mashirika zikaanza kuuzwa. Lori moja lingeweza kupita mikononi mwa wote hao bila kuhama gereji: tajiri, ushirika, shirika, mtu binafsi, mizani ya chuma chakavu.

Wala tusilipake lori sukari. Wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, malori ndiyo yaliyohamisha watu na vyombo vyao kwenda vijiji vya ujamaa. Wapo waliopanda kwa hiari na wapo waliopandishwa. Wengi Kusini waliiacha mikorosho yao mbali. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000. Kabla miaka ya 1980 haijaisha zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia bei, ugonjwa wa mikorosho mpaka kuhamishwa huko. Matokeo kwa malori ni rahisi kuyaelewa: mzigo ukipotea, lori linapanda mawe. Ndiyo maana lori lililolala nyuma ya gereji Lindi ni ushahidi wa uchumi, kama kaburi lilivyo ushahidi wa ukoo.

Nachingwea nako iko kurasa nyingine. Kambi ya FRELIMO ilikuwa pale, Samora Machel akiwafunza wapiganaji mpaka Msumbiji ikakaribia uhuru wake wa 1975. Chakula na vifaa vilifika kwa barabara hizi hizi. Ukombozi wa bara tunaufundisha kwa picha za viongozi wakipeana mikono. Dereva aliyepeleka mzigo usiku, taa zimezimwa, hana picha ukutani.

SHERIA INAONA NINI?

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho 1979. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu hapa nchini kabla ya mwaka 1863. Inalinda pia vitu vya utamaduni vya baadaye, na milango ya kuchonga iliyotengenezwa hapa kabla ya mwaka 1940. Hongera kwa milango. Bila kifungu kile, mingi zaidi ingekuwa imeshapamba nyumba za watu ng'ambo.

Lakini lori? Chesisi ya Bedford imetoka Uingereza. Leyland vilevile. Hazikutengenezwa hapa, wala si za kabla ya 1863. Lori halimo, labda waziri alitangaze mahususi kuwa kitu kinacholindwa, na uwezo huo sheria imempa. Bila tangazo hilo lori ni gari bovu tu, na mwenyewe yuko huru kulikata vipande.

Ila tuangalie vizuri hilo la "halikutengenezwa hapa". Lori la zamani lilifika kama chesisi, injini na kichwa. Bodi mara nyingi iliundwa hapa, na maseremala wetu, kwa mbao zetu na bolti za kutafuta. Injini ilipokufa ikawekwa ya gari jingine. Springi zikaongezwa ili zibebe mzigo ambao kiwanda hakikuwahi kuufikiria. Difu ikatoka kwa lori lililopinduka. Baada ya miaka 30 kilichobaki cha Uingereza ni namba ya chesisi na pengine kioo cha pembeni.

Mtu wa makumbusho ya Ulaya anaweza kusema, basi hilo si halisi tena. Mimi namjibu kwa Msikiti Mkuu wa Kilwa. Ule nao ulianza mdogo, ukaongezwa sehemu kubwa katika karne ya 14, ukabomoka, ukakarabatiwa karne ya 15. Hakuna anayesema si halisi. Viraka ndivyo vinavyotuambia nani alikuwa tajiri lini na fundi gani alijua nini. Na lori ni hivyo hivyo. Wanaopenda magari ya kale mara nyingi wana hamu ya kulirudisha gari kwenye rangi ya kiwandani, linang'aa kama peremende. Kwa lori la Lindi kufanya hivyo ni kumfuta fundi wetu ili kumtukuza wa Lancashire. Leyland, mji ule wa Lancashire, wana makumbusho yao ya malori tangu 1983, na wana haki: malori yalizaliwa kwao. Kazi ya kuonyesha yaliishije na yalizeekaje ni yetu.

WADAI WATATU

Sasa basi, tuseme kuna lori moja limepona, liko juu ya mawe lakini zima. Litakuwa na wadai watatu.

Wa kwanza ni Serikali. Atasema, historia ni ya taifa, leteni Makumbusho ya Taifa. Hoja ina nguvu. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yanatunza magari ya viongozi, ikiwemo Rolls-Royce iliyotumiwa na gavana wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Nenda kaitazame, inafaa. Ila ukitoka jiulize, mbona gari la mtu mmoja lina paa juu yake, na gari lililobeba watu elfu liko mvuani? Tena kuna tatizo la utaratibu. Ofisi za umma zikiwa na gari lisilotembea, kanuni zinaelekeza lifutwe kwenye vitabu na kupigwa mnada. Kwa mhasibu umri wa gari ni hasara, na hafanyi kosa, ndivyo alivyofundishwa. Halmashauri inaweza kulipokea lori leo kwa hotuba na utepe, na baada ya miaka sita, mkurugenzi mwingine, likapigwa nyundo.

Wa pili ni mpenzi wa magari mwenye fedha. Huyu tusimtukane. Duniani kote magari mengi ya kale yamepona kwa sababu ya watu wa aina yake, wenye wazimu mzuri wa kutafuta gasketi kwa miaka mitatu. Atalipa bei kuliko ya chuma chakavu, atalijengea banda, ataliwasha kila Jumapili. Lakini likishakuwa lake, ni lake. Anaweza kulipeleka Nairobi au Dubai. Akifa, warithi watauza. Na hapo tunarudi kwa mjusi wa Tendaguru na mzinga wa Rufiji. Vya Kusini vimetunzwa, hilo halina ubishi. Vimetunzwa kwa wengine.

Wa tatu ni wenyeji: kijiji, mtaa, ushirika wa wakulima. Hawa ndio waliolisukuma kwenye tope. Haki yao ni kubwa kuliko ya wote, ila mfuko wao ni mdogo kuliko wa wote. Mwaka wa njaa ukija, au darasa likiezuka paa, lori litauzwa kwa kura ya mkutano mkuu, na nani atawalaumu? Mtu hawezi kulinda historia na tumbo liko wazi.

Kila mmoja basi ana nusu ya jibu. Serikali ina sheria, tajiri ana fedha na ufundi, mwenyeji ana haki na kumbukumbu. Ukimpa mmoja peke yake kadi nzima, umempa pia uwezo wa kuuza, na hapo ndipo penye hatari yetu.

NENO LA ZAMANI: WAKFU

Pwani yetu ina neno kwa ajili ya mali ya namna hii, tena la siku nyingi: wakfu. Mtu ana kisima, shamba la minazi au nyumba, anakiweka wakfu. Kuanzia hapo mali haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Inabaki na msimamizi, ambaye naye si mwenye mali bali mtunzaji, na faida yake inakwenda pale ilipoelekezwa: msikiti, yatima, wasafiri. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa zaidi pwani, wanakubali hata mali inayohamishika kuwekwa wakfu, maadamu inaweza kuendelea kuleta manufaa. Lori linahamishika. Au lilikuwa likihamishika.

Sisemi lori lipelekwe msikitini. Kusini ina Waislamu na Wakristo, na waliolala pamoja juu ya magunia hawakuulizana dini. Nachukua mantiki ya neno. Kwa sheria za nchi tunayo njia inayofanana: bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, ambayo inaweza kumiliki mali kwa niaba ya wengine na kwa masharti yaliyoandikwa. Masharti yangekuwa machache. Lori lisiuzwe. Lisitoke Kusini isipokuwa kwa mkopo wenye tarehe ya kurudi. Bodi iwe na mwenyeji, fundi, na mtu wa makumbusho au mambo ya kale. Tajiri anayependa magari akaribishwe, atoe fedha, jina lake liandikwe kwenye kibao, lakini si kwenye kadi. Waziri naye aombwe atumie uwezo wake alitangaze lilindwe, ili mwenye mtungi wa gesi ajue ana kesi ya kujibu.

Na lori lenyewe lifanye kazi kidogo. Meli ya Liemba kule Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza safari 1927 na kuendelea kwa karibu karne nzima. Iliyoiweka hai ni kazi: ilibeba abiria na dagaa, kwa hiyo kila ilipoharibika kulikuwa na sababu ya kuitengeneza. Lori la wakfu linaweza kubeba watoto wa shule kwenye sherehe, au kusimama gulioni siku ya mnada wa korosho, au kuwa darasa la vijana wa ufundi wanaojifunza injini isiyo na kompyuta hata moja. Gari linalowashwa mara moja kwa mwezi linaishi zaidi ya lile linalopakwa rangi mara moja kwa mwaka. Muulize fundi yeyote.

KAZI YA KALAMU

Nimalizie kwetu sisi tunaojifunza kuandika. Wengi wetu hatuna fedha ya kununua hata tairi, achilia mbali lori. Lakini chuma bila maelezo ni chuma tu. Lori litakalohifadhiwa bila habari zake litakuwa kama sarafu iliyofutika maandishi.

Kwa hiyo kazi iko. Kwanza, madereva wazee. Waliokuwa vijana miaka ya 1960 leo wana miaka 80 na ushei. Wao ndio wanaojua mlima gani ulihitaji gia gani, mto gani uliua nani, na nani alizaliwa juu ya magunia. Chukua simu yako, rekodi, uliza jina la lori, maana yalikuwa na majina. Pili, maandishi ya kwenye bodi. Kabla hatujapata gazeti la kutuchapa, ubao wa nyuma wa lori ulikuwa unachapa: methali, dua, vijembe kwa mahasidi, majina ya wapenzi. Ni fasihi iliyosomwa na watu wengi kuliko vitabu vyetu vyote, na inafutika kwa kila rangi mpya. Inakili, andika mahali na mwaka. Tatu, karatasi: kadi za gari, stakabadhi za mizigo, daftari za gereji. Nyingi zinafungia maandazi.

Nne, hesabu. Ukiwa unakwenda Kilwa, Lindi au Nachingwea kumsalimia bibi, peleleza yako mangapi nyuma ya gereji, nyuma ya maghala ya ushirika, kwenye mashamba ya mkonge yaliyokufa. Namba ya chesisi ipigwe picha, na mwenyewe aulizwe kwa adabu, kwa sababu lile ni lake mpaka atakapokubali vingine. Wapo watakaokataa kabisa, na wana haki hiyo. Lakini ukiwa na orodha ya malori kumi mkononi unaweza kwenda kwa mtu wa mambo ya kale na kumwambia: haya hapa, yako kijiji fulani, lipi tuanze nalo? Bila orodha, utakuwa unamsimulia ndoto.

Haraka inahitajika, maana bei ya chuma chakavu haimsubiri mwanahistoria. Mawe manne yanaweza kushika lori miaka 20. Mtungi wa gesi unahitaji asubuhi moja.